Jasho Kwenye Kanga ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliuawa akitoka shambani, huko kwetu Vihingo, jua likiwa bado juu, na kwa miaka mingi hatukujua aliyemuua ni nani. Nalisema hili mwanzoni kabisa kwa sababu sipendi mtu anayenizungusha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimesimama mbele za watoto mpaka sauti yangu imekuwa ya kufoka hata ninapoomba chumvi. Wanaonijua wamezoea.

Alinyongwa kwa kanga yake mwenyewe. Alikuwa ameitupia mabegani, kama msichana yeyote anayerudi nyumbani na kikapu cha mihogo. Watu huniuliza kanga ile ilikuwa imeandikwa nini. Siwaambii. Mtu akishajua maneno ya kanga ataanza kuyatafutia maana, nami sitaki kifo cha mdogo wangu kiwe kitu cha kupigia soga kibarazani.

Kinachotesa katika msiba wa namna ile si kulia. Kulia kuna mwisho. Kinachotesa ni salamu. Nikienda Vihingo, mwanaume wa makamo akiniambia, "Karibu mwalimu, za Kibaha?" nilikuwa najibu "Njema" huku namtazama vidole. Muuza mkaa, vidole. Fundi baiskeli, vidole. Nimewatazama vidole hata waliobeba jeneza. Nilipopata kiwanja changu Picha ya Ndege, hapo hapo Kibaha, nikajenga, nikadhani mambo yale nimeyaacha huko kijijini. Wapi! Siku moja nashuka kituoni, mwanaume aliye nyuma yangu akakohoa, nikajikuta nimeshika shingo yangu kwa mikono miwili, mwalimu mzima, abiria wananishangaa.

Ni mimi niliyesumbua mpaka jalada likafunguliwa tena. Nilisikia redioni habari za vinasaba, kwamba mtu akishika kitu anaacha jasho na vijichembe vya ngozi yake, na wataalamu wa maabara wanaweza kumtambua kwa hivyo hata baada ya miaka. Nikaenda polisi. Nikarudi. Nikarudi tena. Askari wa mapokezi akawa kila akiniona anajifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Mwishowe wakanipeleka kwa mpelelezi mmoja, mwanamama, aliyepewa kesi za mauaji ya zamani ambayo hayakupata mwenyewe. Alinisikiliza bila kuangalia simu yake hata mara moja, na kwa hilo tu nilimpenda. Aliponipigia wiki ile ile alikuwa na jambo moja la kuniambia.

"Mwalimu, kanga ipo. Iko stoo ya vielelezo, kwenye mfuko wa karatasi, lakiri haijavunjwa."

Nililia palepale ofisini kwa walimu. Miaka yote nilikuwa nadhani panya walishaila.

Kanga ikapelekwa maabara Dar. Wanaume waliokuwa Vihingo wakati ule, wale walio hai, wakaitwa mmoja mmoja, wakasuguliwa pamba ndani ya shavu. Wengine walikwenda wakitaniana kwamba wanapimwa minyoo. Hakuna aliyekataa. Tukasubiri, na katika kusubiri huko nilikuwa mkali shuleni kupita kiasi, wanafunzi wangu wanisamehe. Halafu mpelelezi akapiga tena, akaniambia nikae chini kwanza.

"Mimi sikai. Sema."

"Jasho lililopatikana ni la mtani wenu."

Huyo mtani ilibidi umjue ili uone uzito wa neno hilo. Alikuwa Mnyamwezi, alikuja pwani bado kijana kukata mkonge, na kazi ya mkonge ilipokufa akabaki, akaoa huko Maneromango, akapata shamba la mikorosho linalopakana na letu. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi tumekuwa watani tangu enzi za mababu. Mtani anakutukana na huna ruhusa ya kununa, na ukifiwa yeye ndiye anayechimba kaburi, anayepasua kuni, na anayekuchekesha wakati hutaki kuchekeshwa. Huyu alimtukana mama yangu kila siku ya Mungu. Mama alipopata simu ya mkononi, matusi nayo yakahamia kwenye simu. Kila Ijumaa mchana lazima apige: "Hujafa tu, wewe bibi? Sanda yako inaoza dukani!" Mama anacheka mpaka anashika mbavu, kisha anamrudishia ya kwake, mengine hayaandikiki.

Na sasa eti ndiye. Niliamini mara moja. Nisidanganye, nilifurahi. Nilifurahi vibaya, ile nafuu ya mtu aliyekwisha kutapika. Vidole vyote vile nilivyovitazama miaka yote sasa vilikuwa vya mtu mmoja, na wengine wote ningeweza kuwasalimia kama binadamu.

"Anasema aliivaa msibani," mpelelezi akaniambia. "Katika utani. Unakumbuka kitu kama hicho?"

Nikacheka kwa hasira. "Mtu akibanwa hakosi la kusema. Kanga ile polisi waliichukua siku ileile ya kwanza."

Ndivyo nilivyojua mimi. Siku zile za matanga nilikuwa nimelala chumba cha nyuma, homa imepanda, nawasikia watani wakifanya vituko uani na watu wakiangua vicheko, na nawachukia wote. Utani wa msibani sijawahi kuupenda. Nimesoma, nikajiona nimeyapita mambo hayo, kwa hiyo sikunyanyuka hata kuchungulia dirishani.

Kaka yangu mkubwa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kisarawe mjini, tulikubaliana naye kwamba Mama asiambiwe kitu. Mama ana presha. Nikamleta kwangu Picha ya Ndege kwa kisingizio cha kliniki, ili uvumi wa Vihingo usimfikie, naye akakaa uani kwangu akinung'unika kutwa. "Majirani zako wamejenga kuta hadi salamu haipiti. Mnaogopana nini?" Nikamwambia tunaogopa wezi. Akasema hao wezi nao si wanakaa humu humu ndani ya kuta.

Ijumaa ikafika, simu haikuita. Ikafika nyingine.

"Mtani wangu mgonjwa?"

"Sijui, Mama."

"Mpigie."

"Simu yake haipatikani."

"Basi amekufa, mpumbavu yule, na nyie mnanificha."

Akaanza kusukuma sahani ya chakula. Kila nikirudi kazini, hata mkoba sijautua, swali ni hilo. Nikavumilia, nikavumilia, hadi jioni moja nimerudi nimechoka, jua limenipiga kichwani, akauliza tena, na mdomo wangu nami ninaujua mwenyewe.

"Mtani wako yuko mahabusu, Mama! Yeye ndiye aliyemuua mwanao!"

Alikuwa anachambua mchicha. Hakupiga ukunga, wala sinia halikuanguka. Aliendelea kuchambua, jani, jani lingine, na lingine. Nikaogopa kwamba presha imempiga akiwa amekaa.

"Kasema nani?" akauliza hatimaye.

"Jasho lake limesema. Wamelikuta kwenye ile kanga. Hiki ni kipimo cha DNA, Mama, hakidanganyi."

"Hakidanganyi," akasema. "Jasho ni lake. Kanga ile nilimvika miye."

Nikatafuta kigoda nikakaa.

"Weye ulikuwa chumbani na homa yako," Mama akaendelea. "Siku ya tatu ile. Miye nilikuwa sijalia. Tangu walipomleta sikutoa chozi, wanawake wakaanza kunong'ona kwamba nitarukwa na akili. Polisi walikuja siku ya kwanza, wakaandika, wakaondoka, mvua ikakata barabara. Kanga hawakuichukua. Wale waliomwosha waliniletea, wakaniambia niifue. Sikuifua. Ningeifuaje? Ilikuwa bado na harufu ya nywele zake. Nikaiweka chini ya mkeka, nikaikalia. Mtani akaja toka kupasua kuni, jasho linamchuruzika, akanifanyia vituko vyake vyote. Akavaa sufuria. Akajidai ana mimba, uchungu umemshika. Watu hoi, miye nimekauka. Akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, 'Mtani, nikufanyie nini?' Nikamwambia, 'Tembea kama yeye, nimwone.'"

Mama akaacha mchicha.

"Nikaitoa kanga, nikamvika kwa mikono yangu. Nikamfunika kichwa, nikaizungusha mabegani, nikaikaza hapa." Akajishika chini ya kidevu. "Akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye kinu. Alimpata, mwanangu. Ule mguu wake wa kushoto aliokuwa anaurusha kidogo, alimpata vilevile. Nikamwona mwanangu anakwenda zake. Ndipo nikalia. Polisi wakairudia kanga kesho yake."

Nilimwuliza kama ana hakika ilikuwa kanga ile. Akasema ana hakika. Nikamwuliza kama haikuwa kipande cha pili cha doti ile. Akasema cha pili alikuwa amejifunga yeye kiunoni. Nikasema labda anachanganya na msiba mwingine, tumefiwa mara nyingi, na umri nao.

Akanitazama. "Unataka nichanganye?"

Nilitaka. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na mama yangu aliliona hilo usoni kwangu, akarudi kwenye mchicha wake.

Kaka alikuja siku iliyofuata. Tulisemezana sebuleni, tukidhani Mama amelala. "Mama ni mzee," Kaka akasema, "juzi kaniita kwa jina la marehemu baba. Nani atamsikiliza?" Nikamwambia anajua vizuri Mama hasahau kitu, hata deni la pilipili halisahau. Akapiga kiti ngumi. "Miaka yote hii! Tumepata mtu, na wewe uliyempata ndiye unataka tumwachie?" Kisha akalia, mwanaume mkubwa yule mwenye kitambi, akifuta kamasi kwa mkono wa shati. Na kila alilosema nilikuwa nimeshalisema moyoni usiku kucha. Mama ajinyamazie tu. Hakuna aliyemwomba aseme. Yule mzee atahukumiwa, sisi tutasoma hitima, tutalala.

Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Nyie mnataka mtu," Mama akasema. "Miye namtaka aliyefanya."

Tukaenda kwa mpelelezi, Mama akatoa maelezo yake, akaweka dole gumba. Mpelelezi alisoma, akafumba macho kidogo. Nilimwonea huruma. Lakini kumtoa mtu kizuizini si kama kumtoa kuku bandani. Waendesha mashtaka wakasema ndugu hugeuza maneno kila siku, mama mzee anaweza kuwa amebembelezwa, kipimo ni kipimo. Kesi ikaendelea. Mkewe mtani akarudi kwao Maneromango kwa aibu, na korosho za msimu ule zikaokotwa na kila apitaye. Ijumaa mchana Mama alikuwa anaiweka simu yake mbali, chumba kingine kabisa.

Jaji alipokuja kusikiliza kesi Kibaha, tulikwenda siku zote. Siku ya mtaalamu wa maabara nilikaa mbele. Nilikuwa nimemwaza mtu wa maajabu, kumbe kijana mpole mwenye mafua. Kanga ilikuwa mezani, imetandazwa juu ya karatasi, rangi imefifia, na kona zake zimekatwa vipande vya kupimia. Wakili wa utetezi akamwuliza kama anaweza kusema jasho lile liliingia siku gani.

"Hapana," akajibu. "Vinasaba vinaniambia ni nani. Haviniambii lini, wala alikuwa anafanya nini."

"Kuna vya mtu mwingine yeyote?"

"Kuna chembe nyingine, chache mno, zimechanganyika. Siwezi kusema lolote juu yake. Na sehemu iliyofaa kupimwa imekwisha."

Kwa hiyo aliyemuua alikuwamo. Pale mezani, karibu yangu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa, alikuwamo yeye mwenyewe, ndani ya nyuzi, amechanganyika na jasho la mama yangu na waosha maiti na askari waliokunja ile kanga, na hakuna mtu hapa duniani angeweza tena kumwita kwa jina. Nilitoka nje nikaegemea ukuta. Nimeota meza ile mara nyingi. Katika ndoto kanga inapumua, inapanda na kushuka taratibu, na jaji anaandika tu.

Mama aliitwa na upande wa utetezi. Mtani alikuwa kizimbani, hawakutazamana. Walipomwonyesha kanga akanyoosha mkono, karani akamzuia.

"Usiguse, mama, ni kielelezo."

"Mwenye kanga nimemzaa miye, leo nazuiwa kuigusa!" akafoka, na hapo ndipo ungejua nimeirithi wapi sauti yangu. Jaji akamtuliza kwa upole. Mama akaieleza kanga akiwa mbali nayo: pindo alilipinda mwenyewe kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikuwa umekwisha. Wakaangalia, uzi ni mweusi. Mwendesha mashtaka akamwuliza kama haoni uchungu kumtetea mtu anayeshtakiwa kumuua binti yake.

"Naona," Mama akasema. "Usiniulize tena hilo."

Akasimulia habari yote, mkeka, kuni, sufuria, kinu. Alipofika kwenye mguu wa kushoto, mtani aliinamisha kichwa akaficha uso.

Siku ya hukumu jaji alisoma muda mrefu, mengi yakinipita, mpaka akafika pa kusema mshtakiwa hana hatia. Kaka akanyanyuka akaondoka bila kutuaga. Mpelelezi alinishika bega, akaniambia jalada halifungwi. Nilimshukuru. Yeye anajua na mimi najua kwamba kitambaa kimekwisha.

Mtani tulimkuta nje, kwenye kivuli cha ukuta, amevaa shati la mtu mwingine na kandambili zisizofanana, amekonda hadi masikio yanaonekana makubwa. Mama aliniachia mkono akamwendea mwenyewe. Watani wakikutana lazima mmoja aanze.

"Bibi, umezeeka vibaya mno," akasema, lakini sauti ikamkatikia njiani.

Mama hakucheka.

"Nilitaka uwe weye," akamwambia. "Huyu aliponiambia, nilikaa kwanza na mchicha wangu, nikataka uwe weye. Ili liishe. Hata mle ndani nasema, bado nilikuwa nataka."

"Najua, mtani."

"Unajuaje?"

"Hata mimi nilitaka. Gerezani kuna mzee aliniambia nikiri tu, wazee wanahurumiwa. Nikakaa nikawaza, nikikiri, mtani wangu atapata usingizi."

"Ungekiri, ningekuamini," Mama akasema. "Ningelala."

"Ungelala," akasema. "Na aliyemuua angelala pia."

Mama akamwuliza kama amekula, naye akasema bado.